Ndege ya Pinki na Kopo la Rangi ya Kaburi

Hapana, Kelvin, usinibadilishie maneno. Ndege ilikuwa ya pinki, ilitakiwa iwe ya pinki, na ile pinki haikutoka kwenye kopo la baba yako. Umeandika kwenye grupu la ukoo, watu wazima wanasoma, shangazi zetu wanasoma, eti "tuwe wakweli tu, ile rangi Ami aliichukua, Bibi akamfunika." Udongo wa kaburi la baba yako bado mbichi, wewe unafukua hayo. Halafu ukaweka na kile kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi. Ami kasoma. Nimeona kasoma. Hakujibu na hatajibu, namjua. Mimi nimeandika nikafuta, nikaandika nikafuta, mwisho nikaona pale kwenye grupu hapanitoshi. Naandika hapa.

Na pengine ningekausha tu, isingekuwa harufu. Wiki hiyohiyo mwanangu katoka vipele vya tetekuwanga. Nikashuka mjini duka la dawa, nikapewa kichupa cha kalamaini, ile dawa nzito ya pinki ya kupaka kwenye vipele. Kufungua kizibo tu, nikajikuta niko Old Moshi, kwenye kibaraza cha jikoni kwa Bibi, moshi wa kuni machoni, petroli vidoleni, na Ami kanisogelea usoni ananiambia, "Usipumue. Ukipumua inatingishika."

Nyie mliokua miaka yetu, na hasa nyie wa mlimani, mtanielewa haraka. Kwa Bibi tulikuwa tunakaa watu watano. Bibi mwenyewe, baba yangu ambaye ni kitinda mimba kwa hiyo ndiye aliyebaki na nyumba ya wazazi, mama yangu, mimi, na Ami. Ami ni mtoto wa Shangazi Ndeshi, dada yake baba. Shangazi alifariki Ami akiwa hajui hata kufunga kamba za viatu. Hakuwa ameolewa. Baba yake Ami inasemekana ni mtu wa Kahe, huko chini kwenye mpunga, lakini hakuna mtu aliyewahi kupanda kuja kusema huyu mtoto ni wetu. Kwa hiyo Ami alikuwa mtoto wa binti, na kwetu mtoto wa binti hana kihamba, yaani shamba la ukoo, kwa babu yake. Anaweza kula, kulala, kubeba majani ya ng'ombe mpaka shingo iote sugu, ila ile migomba na ile kahawa si yake, na kila mtu anajua. Kila mtu isipokuwa mimi. Mimi nilijua ni kaka yangu. Mpaka leo najua hivyo hivyo.

Desemba ndo wanapanda watu wa Dar. Baba mkubwa, yaani kaka mkubwa wa baba, alikuwa anakuja na gari lililojaa, mchele, soda, nguo za Krismasi, na mwanae Kelvin kakaa mbele kama bosi. Mwaka huo Kelvin alikuja na boksi. Juu ya boksi kuna picha ya ndege inakata mawingu. Ndani ni vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu, unakata kimoja kimoja, unaunga kwa gundi mpaka inakuwa ndege kamili. Kapewa na rafiki wa baba yake. Sisi tukasimama pembeni tunaangalia mikono.

Jamani. Kelvin hana subira, na hilo hata yeye halikatai. Hakusoma karatasi ya maelekezo. Bawa la kushoto aligandisha juu chini. Mwili wa ndege una nusu mbili, akazibana zikiwa zimepishana, unaweza kuingiza ukucha. Kioo cha rubani alikishika na vidole vyenye gundi, kikabaki na ukungu na alama ya dole gumba katikati. Alipoona matairi hayakai, akairusha kwenye godoro akasema, "Ndege gani hii, feki." Siku wanaondoka Ami akamuuliza kama anaiacha. Akajibu, na mimi nilikuwepo, nimeshika mlango wa gari, "Chukua bana, mangi, wekea mayai." Hayo ndo maneno yake. Sasa leo anaandika "ndege yangu."

Ami aliiangalia ile ndege kwa siku nyingi bila kuigusa. Mimi nilikuwa nachemka. "Si tuibomoe tuanze upya?" Ananiambia ngoja. Ami ukimwambia haraka ndo anazidi kukaa. Alikuwa anaizungusha kwenye mwanga wa mlango, anatafuta gundi imeshika wapi na wapi haikushika, kama mama anavyopekua mchele. Halafu akachomoa uzi mmoja wa chuma kwenye waya wa breki ya baiskeli mbovu, akauweka kwenye kaa la moto, akaanza kulitenganisha lile bawa. Anasugua kidogo, anapuliza, anasugua. Plastiki ilikuwa inatoa harufu chungu inayokaa kooni. Bibi akapita na sufuria la mtori akasema, "Mtaunguza nyumba ya watu kwa hilo lidude." Akapita tena baadaye, akasimama, akaangalia kwa muda. 

Bawa lilitoka. Lilitoka na kidonda, lakini lilitoka. Ile nafasi iliyoachwa na nusu mbili tuliziba na uji wa plastiki. Unachukua vipande vya fremu vilivyobaki, unavikatakata, unaviloweka kwenye petroli kidogo, mwendesha bodaboda wa pale njia panda alikuwa anatumiminia kwenye kifuniko cha soda. Vinalainika vinakuwa kama ugoro uliolowa. Unapaka, unangoja, unasugua na msasa uliochoka ambao fundi seremala kautupa. Kioo cha rubani tulikisugua na dawa ya meno, kidole kinazunguka, kinazunguka, mimi upande wangu na Ami upande wake, mpaka lile dole gumba la Kelvin likaisha na ukaweza kumuona rubani ndani, kichwa kidogo kama punje ya mchele.

Hapo ndo tukafika kwenye rangi, na hapo ndo ubishi ulipoanza.

Karatasi ya maelekezo ilionyesha ndege nzima ya pinki. Juu pinki, chini pinki, tumbo pinki. Hakuna madoa ya jeshi, hakuna kijani. Nikamwambia Ami hiyo karatasi imepauka na jua. Akasema mbona maandishi hayajapauka. Nikasema basi Kelvin kaibadilisha atucheke. Kiukweli nilikuwa siamini kitu chochote kilichotoka kwenye lile gari. Nilienda mpaka kwa mwalimu wetu wa sayansi, naye akacheka, "Ndege ya vita pinki? Labda ya maharusi." Nikarudi nimevimba. Nikamwambia Ami tupake kijani, tutaaibika.

Ami akasema, "Kesho tuamke mapema."

Tuliamka jogoo hawajamaliza. Tukatoka nyuma ya zizi, pale penye uwazi ambapo kilele cha Kibo kinaonekana kama hakijafunikwa. Baridi, majani yamelowa, ng'ombe wanapumua moshi. Ami alikuwa kalamba kidole, kachovya kwenye kichupa changu cha kalamaini kilichobaki baada ya sisi wote wawili kuugua tetekuwanga, kapaka bawa moja tu. Jua likaanza kugusa barafu. Mnaoishi kwetu mnaijua ile dakika, kabla mlima haujawa mweupe, unakuwa na rangi ya ufizi wa mtoto. Akainua ndege kwa mkono ulionyooka, akafumba jicho moja. "Angalia bawa lililopakwa." Nikaangalia. Nikaona ndege ya bawa moja. Lile lingine limeyeyukia mlimani.

"Si ya kupigana," akasema. "Ni ya kujificha."

Miaka mingi baadaye, nikiwa na simu yangu mwenyewe, nilitafuta. Ni kweli zilikuwepo. Zilikuwa hazibebi bunduki, zinabeba kamera, zinaruka alfajiri na jioni chini ya mawingu, zinapiga picha za watu zinakimbia. Hakuna aliyemfundisha Ami hilo. Na ukinibishia nakuonyesha.

Basi tukachanganya kalamaini na gundi nyeupe ya mbao ili ishike, tukapaka kwa unyoya wa kuku. Ikakauka ikawa pinki iliyofifia, haing'ai, inanuka zahanati. Ilikuwa nzuri mpaka nikawa naogopa mtu aiangalie. Ami aliitundika kwa uzi juu ya kitanda chake kule stoo, maana stoo ndo ilikuwa chumba chake, yeye na majembe na debe la magadi na makopo ya rangi.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa mimi ndo shahidi.

Mwisho wa mwaka maziwa yalipungua. Ng'ombe wetu alikuwa anatoa ndoo nzuri, ghafla inatoka nusu. Mama akawa anaguna kila jioni. Baba akauliza mara moja, "Haya maziwa yanaishia ndoo ipi?" na akaangalia watu wote mezani, mmoja mmoja, mpaka mimi. Nikaanza kupeleleza. Ndo nilivyo, nikisikia kuna mwizi siwezi kukaa. Nilimshuku mama muuza vitumbua wa nyumba ya chini. Nilimshuku hata Ami, kwa dakika moja, nikajichukia siku nzima.

Halafu Jumamosi moja mchana, niko juu ya mparachichi, nikamuona Bibi. Anashuka kwenye migomba peke yake, kashika kitu chini ya kitenge, anaangalia nyuma. Bibi, kuangalia nyuma kwenye kihamba chake mwenyewe! Nikangoja akapotea. Nikashuka. Kwenye majani makavu ya mgomba, njia yote, kuna matone meupe. Tone, hatua kadhaa, tone. Nikajua. Bibi ndiye anayeuza maziwa.

Sikugusa yale matone. Ningegusa, yote yaliyofuata yasingetokea. Hata sikujiuliza kwa nini sisimizi hawakuyafuata. Nilirudi nyumbani nimefunga mdomo, nikaapa hakuna atakayejua, hata Ami. Kama Bibi anauza maziwa ana sababu zake, na mtu atakayemgusa Bibi atapita kwangu kwanza. Kuanzia hapo nikawa namwangalia tofauti. Nikimuona ananawa mikono kwa muda mrefu, anasugua kucha na jani la mgomba, najisemea, anaficha harufu. Wiki kadhaa nilikaa nyumba moja na watu ninaowapenda, nikiwa namhesabia kila mmoja hatua zake. Ng'ombe, kumbe, alikuwa na mimba. Ndo maziwa yalikuwa yanakauka. Hilo nalo tulilijua baadaye.

Krismasi ikafika, gari likapanda. Kwetu kuna kazi moja ambayo ilikuwa ya Baba mkubwa peke yake. Kaburi la Babu liko mbele ya nyumba, la saruji, na kila Desemba yeye mzaliwa wa kwanza analipaka rangi nyeupe kwa mkono wake. Hakuna mwingine anayeshika brashi. Inayobaki inafunikwa vizuri, inawekwa stoo, inangoja mwaka unaofuata. Alikuwa anavua saa, anakunja suruali, anapiga magoti, na sisi watoto haturuhusiwi kukimbia mpaka amalize.

Siku hiyo mbuzi alikuwa ameshachinjwa, wazee wa jirani wameshakaa, pombe ya mbege imefika, beseni la maji ya uvuguvugu linazungushwa watu wanawe. Baba mkubwa akaingia stoo kuchukua kopo. Akatoka nalo juu juu, kwa vidole viwili. Jinsi alivyolibeba tu ukajua ni jepesi. Akalifungua na bisibisi mbele ya watu. Ndani kumekwanguliwa.

"Nani kagusa rangi ya Baba?"

Halafu sauti ya Kelvin kutoka stoo, "Baba, njoo uone! Ndege yangu wameipaka!" Akatoka nayo, kaikata uzi, kaishika kwenye pangaboi la mbele.

Baba mkubwa aliiangalia ile pinki kwa muda. Alikuwa mtu wa kuuliza kama mwalimu, hata akiwa na hasira. "Kelvin. Pinki inatengenezwa na nini?"

"Nyeupe na nyekundu."

"Nyekundu ya bati ipo humo ndani, nimeiona. Nyeupe haipo." Akageuka. "Ami, njoo hapa. Rangi ya kaburi la babu yako unapakia mdoli?"

"Hapana, Baba mkubwa."

"Hapana nini?"

"Sikuichukua."

"Unalala na kopo chumba kimoja, hukuichukua. Limejimwaga!" Wazee wengine wakaguna. Akawageukia wao sasa, si Ami. "Mimi nilisema siku nyingi, mkaniona nina roho mbaya. Mtoto ana kwao. Sikukuu ikiisha nampakia mwenyewe kwenye gari, nampeleka Kahe kwa baba zake. Akawakwangulie makopo yao."

Nilimwangalia baba yangu. Baba aliangalia viatu vyake. "Kaka, tungekula kwanza," akasema. Basi. Hayo tu. Na mnishangae au msinishangae, hilo nililibeba muda mrefu kuliko maneno ya Baba mkubwa.

Mimi nikalipuka. "Muongo! Ni dawa! Ni kalamaini ya tetekuwanga! Inuseni!" Mama akanidaka mkono, akanifinya mpaka nikaona nyota, maana umemuita mkubwa muongo mbele ya wageni. Baba mkubwa akainusa kweli. "Inanuka petroli," akasema, na watu wakacheka. Nikamtafuta Bibi. Alikuwa kakaa kwenye kigoda chake karibu na sufuria, mwiko mapajani. Kanyamaza. Nikajua, kanyamaza kwa sababu ya maziwa, anaogopa wakianza kuulizana watafika kwake. Na mimi nikameza ya kwangu, ili nisimchome.

Ami ndo akasogea. Akamwambia Kelvin, "Lete." Kelvin akampa, sijui kwa nini, labda kwa jinsi alivyosema. Ami akaibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye beseni la kunawia. Nikaelewa anachotaka kufanya, nikapiga kelele, "Ami usifanye!" Akapiga magoti akaizamisha.

Ile ya kopo ilikuwa rangi ya mafuta, na rangi ya mafuta haitoki kwa maji. Kila mtu pale analijua hilo, hata mtoto anayetambaa. Ami akaweka dole gumba kwenye bawa akasugua. Pinki ikateleza. Ikaja kama ngozi ya maziwa, vipande vipande, maji yakawa rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa mengi, na ile harufu ikapanda pale kati ya mbege na nyama ya kuchoma, harufu ya zahanati kabisa, mpaka mzee mmoja akasema, "Kweli hii ni dawa." Ami hakuacha. Alisugua bawa la pili, tumbo, mkia. Alipomaliza, ndege ilikuwa ya kijivu, na kidonda chetu chote kinaonekana, pale tulipokata, pale tulipoziba. Akaiweka chini kwenye majani mbele ya viatu vya Baba mkubwa. Mikono inachuruzika.

Baba mkubwa akajikohoza. "Haya. Hiyo ni dawa. Rangi yangu iko wapi?"

Hapo Bibi akaongea. Hakusimama. "Nenda kwa Ndeshi ukaiangalie."

"Kwa Ndeshi?"

"Kwa dada yako. Niliipaka mimi."

Baba mkubwa akaanza kushuka kwenye migomba, baba yangu nyuma yake, wazee wawili, sisi watoto tunanyata. Na hapa, Kelvin, ndo pa kukumbuka kama ulikuwa unaangalia. Baba yako alifika pale migomba inapogawana, akasimama. Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia. Akageuka kumwangalia baba yangu, na baba yangu naye akaanza kuangalia huku na huku. Hawajui. Dada yao wa tumbo moja kalala kwenye shamba walilozaliwa, na hawajui wakate wapi. Ami akapita katikati yao, akatangulia.

Lilikuwa pembeni kabisa, karibu na mpaka, mahali wanapowekwa watu ambao ukoo haujui uwaweke wapi. Tuta dogo la saruji lililopasuka, limepakwa nyeupe mpaka kwenye mipasuko. Msalaba mweupe. Maua kwenye mkebe. Wiki zote zile lilikuwa hapo, jeupe kama jino. Mtu yeyote angepita kumsalimia Ndeshi angeiona hiyo rangi inayotafutwa. Mimi nilisimama naangalia chini, naona matone yale yale kwenye majani makavu, nikainama nikagusa. Yamekauka. Magumu. Maziwa gani.

Bibi alikuwa katufuata, polepole. Kwenye mpaka kuna masale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa kwetu kutenganisha shamba na shamba. Akachuma jani moja, akalifunga fundo, akaliweka mkononi mwa Baba mkubwa. "Wewe ndiye uliyesema. Mpe."

Kwa wasiojua. Kwetu mtu akikukosea akakuletea masale, hukatai. Hata kama ni damu, wazee wanasema, hukatai. Na ukilipokea, lile neno limekufa, hulitaji tena, si wewe si yeye. Sijawahi kuona mtu mzima akimpa mtoto. Baba mkubwa alilishika muda mrefu. Mwisho akalinyoosha, hata hakusema samahani, jani ndo linasema. Ami akapiga hatua, akalipokea kwa mikono miwili, pinki bado imejaa kwenye kucha. "Asante, Baba mkubwa." Wazee wakashusha pumzi, wakaanza kupanda kwenda kula.

Mimi sikushusha pumzi. Nilimwangalia yule mtu usoni nikajiambia, huyu hajaomba msamaha, huyu kanunua kufuli. Kwa sababu ona, kabla ya jani Ami angeweza kuuliza mambo. Angeweza kuuliza mbona hamjui njia. Baada ya jani, hawezi.

Jioni nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. "Ulijua rangi iko wapi?"

"Kule mimi naenda kila Jumapili tukitoka kanisani. Wewe ulidhani naenda wapi?"

"Sasa si ungesema!"

"Ningesema nini? Kwamba Bibi kachukua rangi ya Babu?" Akaendelea kukata. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja kamfichia Bibi, na yeye alichagua kuosha ndege.

Na Bibi? Huyo ndo bado ananisumbua. Alikaa pale na mwiko wake mpaka maji yakabadilika rangi. Angeweza kusema mwanzo. Nilishamuwazia mabaya yote. Siku hizi nadhani alikuwa anangoja mmoja wa wanawe akumbuke mwenyewe kwamba kuna kaburi la pili. Nadhani. Ameshaondoka, siwezi kumuuliza.

Ami hakupelekwa Kahe. Alimaliza shule hapo hapo, leo anatengeneza rejeta gereji mjini, na juzi baba yako, Kelvin, alishushwa kaburini Ami ameshika kamba. Kwa mikono ile ile. Nimempigia simu nikamwambia kuhusu ulichoandika, nataka nikujibu. Akaniambia, "Achana nao. Nilipokea jani."

Sawa. Yeye alipokea. Mimi sikupewa jani, na nilimuona Bibi kwa macho yangu, kwa hiyo nasema. Na nyie mnaosoma mnaotikisa vichwa kwamba nina hasira, kwamba mambo ya watoto yameisha, niambieni kitu kimoja tu. Umri ule, mbele ya kaburi la mama yako, mtu aliyetaka kukufukuza kakunyooshea jani na bado hajasema hata neno moja: wewe ungelipokea?